Taa za Mbele za Gari la Zamani: Balbu Hulaumiwa, Ugonjwa Uko Kwenye Viungo

Land Rover ya miaka ya 1960 inapowashwa taa jioni, mara nyingi hutoa mwanga wa manjano uliofifia, usiofika mbali na bampa. Mwenye gari hununua balbu mpya, na mwanga haubadiliki. Hununua balbu kali zaidi, ya wati 100, na kwa siku chache mambo huonekana kunyooka. Kisha swichi ya taa kwenye dashibodi huanza kunuka moto, na usiku mmoja taa zote mbili huzimika gari likiwa mwendoni. Fundi huja na koleo, hukata waya, huunganisha mwingine moja kwa moja na kuzungushia tepu nyeusi. Gari hutembea. Masika yakipita tatizo hurudi, na safari hii hakuna ajuaye waya upi ulikuwa wa kazi gani.

Mfuatano huo unajulikana kwa kila mwenye gari la umri huo, awe Arusha, Nakuru au Coventry. Land Rover za Series zilitengenezwa tangu 1948 hadi 1985, na Afrika Mashariki zilibeba askari wa wanyamapori, wamisionari, mabwana shamba na polisi. Peugeot 404, iliyoshinda mbio za Safari mwaka 1963 na tena mara tatu mfululizo kuanzia 1966 hadi 1968, bado ina wapenzi wake. Volkswagen ya mgongo wa kobe pia haijatoweka. Magari haya yanapofufuliwa, injini hupata fundi hodari na bodi hupata rangi mpya. Nyaya za taa huachwa mwisho, na ndizo zinazoamua kama gari litaweza kutoka usiku.

Swali lenyewe lina matawi manne: nini kifunguliwe, nini kitengenezwe, nini kibadilishwe, na nini kisiguswe kabisa. Majibu yanategemea kujua mahali umeme unapopotelea.

Hesabu ya mwanga uliopotea

Balbu ya kawaida ya magari ya Ulaya ya miaka ya 1950 na 1960 ilikuwa na wati 45 kwa mwanga wa juu, ambao madereva huuita fuli, na wati 40 kwa mwanga wa chini, yaani dimu. Taa mbili zikiwa fuli kwenye mfumo wa volti 12 huvuta ampea 7.5. Balbu ya halojeni aina ya H4, iliyoingia sokoni mwanzoni mwa miaka ya 1970, ina wati 60 kwa fuli na 55 kwa dimu, hivyo jozi moja huvuta ampea 10. Jozi ya wati 100 huvuta karibu ampea 17, mzigo ambao swichi ya zamani haikuundwa kuubeba. Dainamo ya Lucas C40, iliyofungwa kwenye magari mengi ya Kiingereza ya wakati huo, hutoa takriban ampea 22 injini ikizunguka vizuri. Injini ikiwa sailensi, yaani ikizunguka polepole gari likiwa limesimama, haitoi chochote cha maana. Ukiwasha taa za wati 100, wipa na mfumo wa kuwasha moto wa injini kwa pamoja, betri huanza kulipa deni ambalo dainamo haiwezi kulirudisha.

Balbu ya waya unaong'aa ina tabia moja inayowashangaza wengi: mwanga wake hushuka kwa kasi kubwa kuliko volti. Volti zikipungua kwa asilimia 10, mwanga hupungua kwa takriban asilimia 30. Balbu ya volti 12 ikipata volti 10 tu, karibu nusu ya mwanga wake imekwenda, hata kama ni mpya na ya bei ghali.

Volti hizo mbili zinapotelea wapi? Waya ndio hushukiwa kwanza, lakini hesabu inautetea. Waya wa shaba wenye unene wa milimita 2 za mraba na urefu wa mita 4 una ukinzani wa takriban omu 0.035. Ampea 10 zikipita humo, hupotea volti 0.35, kiasi kinachovumilika. Sasa chukua kiungo kimoja kilicholiwa na kutu hadi ukinzani wake ukafika omu 0.1, kiasi kidogo ambacho vipimo vingi vya bei nafuu havikisomi vizuri. Ampea zilezile 10 zikipita hapo, hupotea volti nzima, na wati 10 hugeuka joto mahali padogo kuliko ncha ya kidole. Joto hilo linakaribia la pasi ndogo ya kulehemu. Hulainisha plastiki, huchosha springi ya kiungo na kuongeza kutu, na kutu huongeza joto.

Kabla ya kufika kwenye balbu ya Land Rover, umeme hutoka betri, hupita kwenye ampemita au kisanduku cha dainamo, swichi ya taa, swichi ya kubadilisha fuli na dimu, vifungio vya nyuma ya grili na soketi ya balbu, kisha hurudi kupitia bodi na chesisi. Sehemu za mguso katika safari hiyo hufika kumi na kuzidi. Kila moja ikila sehemu ndogo ya volti, jumla yake ndiyo ule mwanga wa manjano.

Madereva wa Uingereza na Marekani wamezoea kuitania Lucas, kampuni ya Birmingham iliyotengeneza vifaa vya umeme vya magari mengi ya Kiingereza, kwa kuiita Mkuu wa Giza. Utani huo una nusu ya ukweli. Kifungio chake maarufu, kichwa cha shaba nyeupe chenye umbo la risasi kinachosukumwa ndani ya mrija mdogo uliovikwa mpira, kilifanya kazi vizuri kikiwa kipya. Kasoro yake ni kwamba hakizuii maji, na hutegemea mbano wa mrija peke yake. Baada ya nusu karne ya matope na mawimbi ya barabara za vumbi, mbano huo umelegea. Pwani ya Tanga, Mombasa na Unguja huongeza hewa yenye chumvi, na shaba hugeuka kijani ndani ya mpira ambao kwa nje unaonekana mzima.

Njia ya kurudi

Matatizo mengi ya taa yako upande ambao watu wengi hawauangalii, yaani njia ya umeme kurudi betri, ambayo mafundi huiita ethi. Magari mengi hutumia bodi na chesisi kama waya wa kurudia. Kwenye Land Rover mpango huo una udhaifu wa kuzaliwa nao. Baada ya Vita Kuu ya Pili, chuma cha bati kilikuwa kwa mgao nchini Uingereza, hivyo bodi ikafanywa kwa aloi ya alumini juu ya chesisi ya chuma. Alumini na chuma vikigusana penye unyevu na chumvi, alumini huliwa na kuacha unga mweupe usiopitisha umeme. Taa zilipohamishwa mwishoni mwa miaka ya 1960 kutoka kwenye grili hadi kwenye madigadi, zilikaa moja kwa moja juu ya alumini hiyo.

Dalili za ethi mbovu zinatambulika. Ukiwasha fuli, taa ndogo ya pembeni inang'aa kidogo bila kuwashwa, au indiketa inabadilisha mwendo. Umeme uliozibiwa njia yake ya kurudi unaazima njia ya balbu nyingine. Mafundi wengi wakiona hivyo hudhani nyaya zimegusana ndani na kuanza kufungua fungu zima la nyaya, ilhali dawa ni boliti moja kusuguliwa kwa msasa hadi chuma king'ae, au waya mpya mweusi kutoka kwenye taa hadi kwenye chesisi.

Rangi zinazosema lugha mbili

Kabla ya kufungua chochote, fundi anahitaji kusoma rangi, na hapo ndipo pana mtego mkubwa kuliko yote. Kwenye magari ya Kiingereza, waya wa buluu hutoka swichi ya taa kwenda swichi ya kubadilisha mwanga. Kutoka hapo, buluu yenye mstari mweupe huenda fuli na buluu yenye mstari mwekundu huenda dimu. Nyekundu ni ya taa ndogo, nyeusi ni ethi, na kahawia hutoka betri moja kwa moja, hai wakati wote, mara nyingi bila fyuzi.

Kwenye Volkswagen na magari mengine ya Kijerumani mambo ni kinyume. Kahawia ndiyo ethi. Nyeusi ni waya hai unaopata umeme ufunguo ukigeuzwa. Fuli huja kwa waya mweupe, na dimu kwa waya wa manjano. Fundi aliyezoea Volkswagen akiufunga waya wa kahawia wa Land Rover kwenye bodi, ameunganisha betri nzima na chesisi bila kizuizi, na fungu la nyaya linaweza kuteketea kabla hajaufikia ufunguo.

Wajerumani waliongeza msaada mwingine: namba za terminali, zilizowekwa katika kiwango chao cha DIN 72552. Namba 30 ni umeme wa betri, 31 ni ethi, 56 ni taa kubwa kwa jumla, 56a ni fuli na 56b ni dimu. Namba hizo zimechapwa kwenye swichi zenyewe, hivyo hata rangi zikififia mpangilio unasomeka. Gari la Kiingereza halina msaada huo. Kwenye magari ya kabla ya katikati ya miaka ya 1950, nyaya zilivikwa mpira na kitambaa kilichosukwa, na leo rangi zake zote zimekuwa kahawia ya vumbi. Hapo njia salama ni kukwangua kidogo karibu na ncha, ndani ya kifungio ambamo jua halikufika, na kusoma rangi iliyobaki.

Kufungua bila kuharibu

Wengi hufundishwa kwamba upande wa hasi wa betri hufunguliwa kwanza. Kwa magari ya leo kanuni hiyo inatosha. Kwa magari mengi ya Kiingereza yaliyotengenezwa kabla ya mwisho wa miaka ya 1960 inaweza kuleta hasara, kwa sababu kwenye magari hayo chanya ndiyo iliyofungwa kwenye chesisi. Kanuni iliyo sahihi kwa yote ni kufungua kwanza upande unaokwenda kwenye chesisi, uwe hasi au chanya. Spana ikiteleza wakati huo na kugusa bodi, hakuna kinachotokea. Ikiteleza kwenye upande mwingine, ule wa chesisi ukiwa bado umeunganishwa, inaweza kuungua mkononi mwa fundi.

Baada ya hapo ni kazi ya subira. Pete ya nje ya taa hushikwa na skrubu moja au zaidi, na ndani kuna pete nyingine inayoikaza taa. Pembeni mwake huwa na skrubu mbili zenye springi. Hizo ni za kuelekeza mwanga, nazo haziguswi. Anayezifungua kwa kudhani zinashikilia taa hupoteza mwelekeo ambao atahangaika kuurudisha. Soketi ya pini tatu nyuma ya balbu hushikwa yenyewe na kuchezeshwa kushoto na kulia hadi itoke. Ikivutwa kwa waya, shaba hukatika ndani ya plastiki huku nje ikionekana nzima. Vifungio vilivyogandana hupashwa moto kidogo kwa mashine ya kukaushia nywele ili mpira ulainike, kisha husokotwa badala ya kuvutwa. Picha za simu na vipande vya tepu vilivyoandikwa huzuia mabishano ya baadaye.

Upimaji nao una uongo wake. Mita ikiwekwa kwenye soketi balbu ikiwa imetolewa, husoma volti 12 hata kama kiungo kimelika, kwa kuwa hakuna mkondo unaopita. Tasta ya balbu ndogo hudanganya kwa sababu hiyohiyo: huvuta umeme kidogo mno. Kipimo cha kweli hufanywa taa zikiwaka na injini ikizunguka. Ncha moja ya mita huwekwa kwenye terminali hai ya betri na nyingine kwenye pini hai ya balbu. Volti zinazosomeka hapo ndizo zilizopotea njiani, na zikizidi nusu volti kuna kiungo cha kutafutwa. Kipimo hicho hurudiwa upande wa ethi.

Dalili hupunguza kazi. Taa moja tu ikififia, kosa liko baada ya nyaya kugawanyika, kwenye kifungio cha taa hiyo au ethi yake. Zote mbili zikififia sawasawa, kosa liko swichini au kabla yake. Dimu ikiwaka vizuri na fuli ikakataa kabisa, swichi ya kubadilisha ndiyo ya kuangaliwa kwanza, hasa ile ya mguuni iliyotumika kwenye Land Rover kabla ya Series III ya 1971. Imekaa sakafuni, mahali ambapo kila kiatu chenye tope hupita.

Kukata au kutokata

Kuhusu matengenezo yenyewe mafundi wamegawanyika. Wapo wanaoamini kulehemu kwa risasi, na wapo wanaobana vichwa vya shaba kwa koleo maalumu. Risasi hupitisha umeme vizuri, lakini hupanda ndani ya nyuzi za waya na kuzifanya ngumu, na barabarani waya hukatikia pale ugumu unapoishia. Kubana hustahimili mtikisiko, mradi koleo liwe la kazi hiyo na waya uwe msafi. Kubana kwa plaizi ya kawaida ni kubaya kuliko njia zote mbili. Pande zote zinakubaliana juu ya jambo moja: kusokota ncha mbili na kuzifunga tepu si matengenezo. Joto la injini huyeyusha gundi, tepu hufunguka, na vumbi hukamilisha kazi.

Shaba iliyogeuka nyeusi haiponi kwa msasa. Hukatwa hadi ionekane inayong'aa, na ikiwa weusi umeenda mbali, kipande kizima hubadilishwa kwa waya wa unene uleule au zaidi. Kwa taa kubwa, waya wa nyuzi 28 zenye milimita 0.30 kila moja, wenye takriban milimita 2 za mraba, huhesabiwa kubeba ampea 17.5. Ule wa nyuzi 14 hubeba nusu yake. Waya wa spika au wa nyumbani, ambao huonekana mara nyingi ndani ya magari haya, hauna mpira wa kuhimili joto na mafuta ya chumba cha injini.

Kuhusu maboresho, hoja yenye nguvu zaidi ni ya rilei, yaani swichi inayowashwa kwa umeme mdogo. Umeme mzito hutolewa betri, hupita kwenye fyuzi, huingia terminali 30 ya rilei na kutokea 87 kwenda kwenye balbu kwa waya mpya mfupi. Nyaya za zamani za buluu, zenye mstari mweupe au mwekundu, hubaki na kazi nyepesi ya kuamsha rilei kupitia terminali 85 na 86, kazi inayohitaji sehemu ndogo ya ampea moja. Swichi ya mwaka 1962 hupumzika, na balbu hupata karibu volti zote za betri. Rilei mbili zatosha, moja ya fuli na moja ya dimu. Kwa kuwa hufungwa kupitia vifungio vilevile vya kiwandani, hakuna waya wa asili unaokatwa, na siku yoyote gari linaweza kurudishwa lilivyokuwa.

Fyuzi ina historia yake. Magari mengi ya Kiingereza ya miaka ya 1950 na 1960, Land Rover zikiwemo, hayakuwa na fyuzi kwenye taa kubwa, na hoja iliyotetewa ni kwamba fyuzi moja ikikatika dereva angebaki gizani ghafla. Volkswagen ilijibu hofu hiyo kwa kuipa fuli ya kushoto, fuli ya kulia, dimu ya kushoto na dimu ya kulia fyuzi zake. Anayeongeza rilei kwenye Land Rover anaweza kufuata mfano huo kwa gharama ndogo.

Balbu za LED huvutia kwa kuwa huvuta umeme kidogo, lakini zina masharti. Kioo cha taa ya zamani kilichorwa kwa ajili ya waya unaong'aa ulio mahali maalumu. Chanzo cha mwanga kikihama hata kidogo, mwanga husambaa na kumpofusha anayekuja mbele. Pia LED huchagua upande wa umeme. Kwenye gari ambalo chanya imefungwa kwenye chesisi, nyingi hazitawaka, na nyingine zitaungua.

Wapo wanaopinga badiliko lolote kwa ajili ya uhalisi, hasa wanaopeleka magari kwenye maonyesho kama Concours d'Elegance ya Nairobi. Shirikisho la kimataifa la magari ya kihistoria, FIVA, lililoanzishwa 1966, lilipitisha mwaka 2012 Hati ya Turin, ambayo inatambua kwamba gari linalotumika barabarani linaweza kuhitaji marekebisho, ila yawe machache, yaandikwe na yaweze kuondolewa. Kwa kipimo hicho rilei iliyofungwa kwa vifungio inapita bila shida. Waya uliokatwa na kufungwa tepu haupiti, hata kama uliunganishwa miaka ya 1970 na leo unaonekana wa asili.

Hatua ya mwisho hufanywa kwenye ukuta. Gari husimamishwa mahali tambarare, mita 10 kutoka ukutani, likiwa na mzigo wake wa kawaida, kwa kuwa Land Rover iliyopakiwa nyuma huinua taa zake mbinguni. Ukingo wa juu wa dimu hushushwa kama sentimita 10 chini ya kimo cha katikati ya taa. Hapo pia huonekana taa zilizotoka nchi nyingine. Dimu hupanda kidogo kuelekea kando ya barabara, kushoto kwa Tanzania, Kenya na Uganda, na kulia kwa Kongo, Rwanda na Burundi. Peugeot iliyonunuliwa Bujumbura ikitumika Kigoma na vioo vyake vya awali humulika macho ya madereva wanaokuja, na hakuna rilei wala waya unaoweza kuondoa kosa hilo; vioo vyenyewe ndivyo vya kubadilishwa. Mkato wa mwanga ukishakaa sawa ukutani, fundi achore ramani ya nyaya alizofunga, aandike rangi, mahali pa kila fyuzi na upande wa betri uliofungwa kwenye chesisi, na karatasi hiyo ikae ndani ya gari.